Shika Mwishoni

Novemba, Hamilton, Ontario. Theluji ya kwanza
imeanguka usiku bila kubisha hodi,
na foleni ya magari imefika kona ya Mtaa wa Barton.
Kila mtu leo ndiyo kakumbuka tairi za baridi.

Nati tano kwa gurudumu. Sizifuati kwa duara,
naruka ng'ambo hadi ng'ambo, kama anayechora nyota,
kisha natwaa spana ya torki, ndefu kama paja,
navuta taratibu, navuta,
mpaka iseme: tak.

"Hiyo tak ni nini?" aniuliza Tremaine,
mwanafunzi wa wiki ya pili, glavu zake bado safi.
Torki, namwambia. Imetimia.
"Torki ni nguvu?"
Wenye malori hulitaja neno hilo
kama jina la mjomba tajiri,
na ukiwauliza ni nini, wanakanyaga mafuta.

Nampeleka kwenye mlango wa stoo.
Sukuma hapa, karibu na bawaba.
Anasukuma. Shingo inavimba, mlango umenuna.
Sasa njoo huku ukingoni, tumia kidole cha mwisho.
Mlango unaondoka kama aliyeitwa kula.
Nguvu ni ileile, Tremaine.
Umeipa mkono tu.

Baba yangu hakuwa na neno hili.
Kilosa, kwenye mashine ya kusaga,
bolti ikigoma kwa kutu
alichomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana
akaniambia: shika mwishoni,
usishindane na chuma, chuma hakina njaa wala usingizi.
Siku moja nilishika mwishoni nikavuta kwa sifa,
watu wa foleni ya unga wananitazama,
kichwa cha bolti kikanibaki mkononi.
Hakunipiga. Alikipima kiganjani, akasema:
hata bolti hushiba.
Akakiweka mfukoni. Sijui alikipeleka wapi.

Ndiyo maana ya tak, lakini hilo simwambii Tremaine.
Gari la nne linaingia, linadondosha matope.

Jioni narudi nyumbani. Chini yangu anakaa
Bi Olha Petryshyn, mwenye nyumba,
vidole vyake vimekuwa tangawizi.
Tangu Oktoba hafungi milango ya ndani.
Ya chumbani ameizuia kwa kiatu, ya bafuni kwa ndoo.
"Napenda hewa," anasema,
na hewa yenyewe ni ya kukata masikio.
Lakini nimekiona kitambaa alichozungushia kitasa,
kitasa cha shaba, cha mviringo, kama limau,
kinachotaka ukikamate chote ndipo kikusikilize.
Mkono wake wa torki pale ni nusu kidole.
Mwanamke aliyekanda mikate miaka arobaini
anashindwa na limau.

Nimenunua mishikio mitatu mirefu, ya kubonyeza,
dola kumi na tisa mmoja. Nimepiga magoti na bisibisi,
yeye kasimama juu yangu na kikombe cha chai
akinionya nisikwaruze rangi.

Wa bafuni ukawa wa mwisho.
Aliutazama kama mgeni aliyechelewa.
Kisha, bila kuweka kikombe chini,
akaubonyeza kwa kiwiko.

Ukafunguka. Akaufunga. Akaufungua.
Chai haikumwagika.
Hakusema asante, alisema,
"Ungeweza kuniambia mapema kwamba kuna vitu hivi."
Akasukuma ndoo kando kwa mguu,
akaingia,
akanifungia mlango usoni.

Tak.

Nikabaki ukumbini na bisibisi,
vitasa vitatu vya shaba mfukoni,
vizito, vinanigonga paja kila nikipanda ngazi.